Hodi ya Kumi

Mimi Zena wa Famau,
kijiduka cha dharau
na meza moja ya mbau,
nyuma ya soko, Langoni.

Nachapa hati za ndoa,
na talaka, ikipoa,
deni, mirathi, na doa
la mtu lililo ndani.

Wanakaa wakisema,
nami nachapa kwa hima,
kisha siri naizima,
haifiki barazani.

Mashine yangu ya kale
hufunguka polepole,
lakini hufika mbele,
haijanitupa chini.

Rajabu likatokea
dirisha, likaenea,
la buluu, lanambia:
“Sasisho liko njiani.”

Chini vitufe viwili:
“Sasa,” ndicho cha awali,
na “Baadaye,” cha pili;
cha “Sitaki” sikioni.

Na Waamu twafahamu
hodi ina taadhimu,
si mlango kulazimu:
tatu, kisha u njiani.

Hili lilibisha kumi,
likakaa, halihami,
likanitazama mimi
kama mdai wa deni.

“Baadaye!” nikibonya,
kesho laja kunikanya:
“Ni kwa usalama, fanya,
usije juta mwishoni.”

Usiku wa Jumapili
kaja Mwanate wa Lali:
nyumba yao ya asili
yauzwa kichinichini.

Asema, “Zena, chapua,
kadhi kesho afungua,
wasipate kutambua
wale wa kule nyumbani.”

Kurasa nne nachapa,
jasho lanitoka kwapa,
neno la mwisho: “Naapa…”
mara giza kiooni.

Maandishi yaja, eti
“Karibu! Huu wakati
wa kutozima.” Twaketi,
asilimia sitini.

Kaadhiniwa fajiri,
likasema, “Tu tayari!
Tupe jina, tupe siri,
tupe ulipo, mjini.”

Hati yenyewe haipo;
nasema, “Wapi ilipo?”
“Usihofu, yako ipo,
imepanda mawinguni.”

Mawingu ya nani hayo?
Yakijaa siri hiyo
ya mtu, na roho nayo,
yatamnyeshea nani?

Mwanate kaja mapema,
nikashindwa la kusema;
kwa mkono, nikihema,
nikaandika mezani.

Nyumba zetu zina daka,
hapo mgeni hufika,
hunywa kahawa, hucheka,
haoni kilicho ndani.

Kuna tekani, kiwanda,
kisha msana; kitanda
hukioni ukienda,
hata ukiwa jirani.

Huyu, na viatu vyake,
kapita kwa wanawake,
kaketi atulizike,
kauliza, “Mwala nini?”

Jioni, tangazo hili:
“Unatafuta wakili
wa mirathi, wa halali?
Zena, bonya hapa chini.”

Nikasimama, nikawa
kama mtu kavuliwa
buibui, kaachiwa
nywele wazi hadharani.

Nikachana yangu leso,
nikaufunika uso
wa kamera; na mateso
yakabaki sikioni.

Kipande kilisalia
na jina, lakuambia:
“Ya watu waingilia,
yako wayawacha ndani.”

Nikaanza kuandika
waraka wa kupeleka
kwa wenyewe, wanofika
bila wito majumbani:

“Hodi kwetu mara tatu,
kimya pia jibu letu;
nyumba hii ina watu,
msitupande kichwani.”

Kila neno likapita,
ila moja likasita:
mashine ikalikata
wino mwekundu kwa chini.

Neno hilo lilikuwa
hodi. Haikulijuwa.
Ikaona lingekuwa
“kodi,” “bodi,” ama “dini.”

Nikalifuta? Hapana.
Nikaliandika tena,
mara tatu, kwa mapana,
nikaondoka dukani.