Uzi Mwekundu

Bwana Tsongo ameegesha gari mbele ya cherehani yangu,
hapa Majengo, juu ya makoro yaliyopoa kabla sijaolewa.
Volani imepasuka katikati kama ganda la karanga.
"Mama Katungu, shona hapo. Pafumbe. Mteja anakuja Jumamosi."

Naingiza mkono. Hamna kitu.
Waya mbili za njano, zimefungwa kidude cha kuidanganya taa,
ile taa ya kwenye tabulo,
ya mtu aliyeketi na mpira mbele ya tumbo
kama mjamzito anayesubiri zamu hospitalini.
Taa imeshafundishwa uongo.
Sasa wanataka kuifundisha sindano.

Mimi naujua mfuko wa hewa.
Kitambaa chake nimekishonea mabegi ya shule,
nailoni nyeupe inayokataa mkasi.
Kabla ya kukata hunusa kwanza: kiberiti,
na chini ya kiberiti poda,
laini kama ya kumpaka mtoto akitoka kuoga.

Muhindo, mdogo wangu, ndiye aliyeuona ukifanya kazi.
Barabara ya Sake, alfajiri, lori la makaa limezimika bila taa.
"Sikuuona ukija," aliniambia. "Niliuona ukiondoka."
Maana kope haijaifikia kope mwenziwe,
kile kijichuma nyuma ya bampa kimekwisha kuhisi:
hii si breki,
hili si shimo,
hili ni gari linalosimama bila kumwomba dereva ruhusa.
Kikatuma umeme. Umeme ukawasha baruti kiduchu,
baruti ikazaa hewa, hewa ikapasua volani,
na uso wa Muhindo, uliokuwa unakwenda chumani,
ukakuta mto.
Mto wenye matundu mgongoni,
kwani mto usiopumua nao ni ukuta.
Ukanywea.
Akatoka mweupe, kama aliyetumbukia katika gunia la unga wa muhogo,
pua inavuja, mkanda umemchora bega hadi nyonga,
akauliza viatu vyake viko wapi.

Hakuuliza gari.

Kabla ya hapo, miaka mitano, mfuko huo ulilala.
Pikipiki ilimgonga nyuma pale Birere: ulilala.
Alipanda Ndosho gari likirukaruka kama mbuzi: ulilala.
Aligusa ukuta wa jirani akiegesha, taratibu,
jirani akatukana mpaka jioni, wenyewe umelala.
Haukurupuki kwa kelele.
Wala si mpole: mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele
ngumi yake haimchagui.
Una neno moja tu, na ukilisema umekwisha.

"Ni kifuniko tu, mama," anasema Tsongo, anatazama saa.
"Nani atakifunua?"

Namwaza mteja wa Jumamosi. Simjui.
Labda huimba akiendesha. Labda mkewe hapendi kiti cha nyuma.
Ataona ngozi imekaza, inang'aa mafuta,
naye ataiamini jinsi unavyoamini dari ukilala,
bila kuiangalia.

Uzi mweusi upo, bobini nzima.
Nachukua mwekundu.
Nashona kwa mkono, mishono mipana, bila haraka,
kama kovu la mama aliyezalishwa kwa kisu.
"Lakini huo unaonekana!"
"Ndiyo."

Hakunilipa. Aliondoka akirusha kokoto nyeusi
hadi kwenye sufuria ya maharagwe yangu.
Mume wangu alisema: umefukuza franga mlangoni.
Nikasema maharagwe yataiva vilevile.

Jumatatu, mvua ikinyunyiza,
kijana nisiyemjua alisimama kizingitini,
ameikumbatia volani iliyong'olewa, waya zinaning'inia.
Hakusalimu.
Aliweka kidole juu ya uzi,
akaufuata mshono kwa mshono hadi mwisho,
kisha akaubonyeza, na ngozi ikabonyea.

"Hapa," aliuliza, "palikuwa na nini?"