Daftari la Vipimo

Kosa lake, nasikia, aliomba risiti.
Mgambo walipouchukua mkokoteni wake pale Kiboriloni,
na parachichi zake, na mzani wa kuazima,
Elifuraha aliuliza kwa sauti ya kawaida:
"Na karatasi yangu iko wapi?"
Ilikuwa Jumatatu. Hadi Alhamisi
hakuna aliyemwona mahakamani.

Mimi ni fundi cherehani. Sijui kuhutubia.
Nikisimama mbele za watu magoti yanacheza
kama pedali iliyokatika mkanda.
Lakini suruali yake ilikuwa inaning'inia hapa,
ya kijivu, imebaki kukunjwa miguu tu,
na kila nilipoinua macho ilinitazama
kwa mifuko yake miwili mitupu.

Nikafungua daftari la vipimo, ukurasa wa kati,
nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la saba:
*Sisi tuliotia majina tunauliza yuko wapi.
Sheria inasema saa ishirini na nne.
Sisi tumehesabu themanini.*

Mteja akija, nampima.
Kifua. Bega. Urefu wa gauni.
Halafu, tepu ikiwa bado shingoni mwangu,
namgeuzia ukurasa.

Wengine walisoma, wakakumbuka maji yako jikoni.
Mwalimu Ndelilio alisahihisha tahajia yangu kwa wino mwekundu
akaondoka bila kutia sahihi.
Usiku akarudi, tochi ya simu mkononi, akatia.
Nasinyari, muuza dawa za mizizi, hajui kalamu;
alichovya kidole gumba kwenye masizi ya pasi yangu ya mkaa
akakikandamiza hadi alama ikatokea kurasa tatu chini.
Kijana wa kahawa alinunua bahasha.
Mangi wa duka la kona alikataa: "Mimi nina leseni, mama."
Sikumlaumu. Leseni nayo ni kamba.
Ila fotokopi alitoa, nakala nne, na hela hakudai.

Kaunta ya kituo ni ndefu kuliko meza yangu ya kukatia.
Askari akauliza, "Wewe ni nani yake?"
Nilitaka kusema haki. Nilitaka kusema katiba.
Kilichotoka ni: "Kiuno, thelathini na moja."
Akacheka. Nikabaki pale pale.
"Na wewe?"
Nasinyari: "Hunibebea magunia."
"Na wewe?"
"Ananidai mia tano."
"Na wewe?"
Mwalimu akakohoa. "Nilimfundisha kugawanya."
Foleni ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi,
ikapita pikipiki zilizokamatwa, zenye vumbi la miezi.
Hakuna aliyepiga kelele.
Tulijibu swali tu, mmoja mmoja.

Kesho yake tukarudi. Na kesho yake.
Mlima ulikuwa umejifunika,
kama kawaida yake siku unapotafutwa.

Siku ya kumi na moja walimtoa kwa mlango wa nyuma,
bila risiti.
Nimempima upya: kiuno, ishirini na tisa.
Nimeandika namba zote mbili, ile ya kwanza sikuifuta;
atakayelifungua daftari hili
ajifanyie mwenyewe hesabu ya kutoa.

Amevaa suruali, ameikamata kiunoni kwa mkono mmoja.
Hasemi sana. Anapaangalia
mahali mkokoteni ulipokuwa ukisimama.
Kisha, kama mtu aliyekumbuka sindano mdomoni:
"Mle ndani kuna mwingine. Kijana wa Same, Senkondo.
Hana ndugu hapa Moshi. Hakuna anayejua hata kimo chake."

Nikalamba kidole. Nikageuza ukurasa.
"Kadiria," nikamwambia. "Anakufika wapi?"
Akaachia suruali,
akainua kiganja hewani,
usawa wa nyusi zake.