Kibuyu cha Mavyaa

Nilikichukia tangu mwezi wa kwanza wa ndoa:
shingo yake nyeusi, kizibo cha kumbi,
harufu ya moshi wa mkwaju na kitu chachu
kilichonifuata hadi chumbani, hadi nyweleni.

Mimi ni mtu wa maabara. Nasugua mikono hadi kiwiko.
Na kila alfajiri Bi Mwanashe, mavyaa wangu,
alimimina maziwa ya Dhahabo wa Mokowe
juu ya masalio ya jana, yaliyokaa juu ya masalio ya juzi,
na juzi hiyo ilirudi nyuma hadi Siyu,
hadi kwa mama yake, ambaye hata kaburi lake silijui.

"Hiki hakioshwi kwa mai," alisema. "Kina wenyewe."

Wenyewe! Nilicheka hadi nikapaliwa.
Ijumaa nikaiba vijiko viwili, nikavitia kichupani,
si kwa utafiti, niwe mkweli:
nilitaka karatasi yenye mhuri
iseme kwamba mavyaa wangu anatulisha uchafu.

Hospitalini kulikuwa na usaha wa mtoto wa Langoni,
jipu la goti lisilosikia sindano.
Nikaupanda usaha ule kwenye kisahani cha agari,
nikatoboa shimo katikati, nikadondosha tone la maziwa,
nikafunga kiatamio.

Jibu sikulingoja. Jioni ile ile,
Bi Mwanashe akiwa matangani Mkomani,
nilikijaza kibuyu klorini.
Kilitoa povu, kikatema maji ya rangi ya chai,
kikanuka kama korido ya wodi.
Nikakianika darini, kinywa chini, nikajisifu.

Jumatatu.
Kisahani kizima kimetanda utando wa dhahabu,
ila pale katikati
duara tupu, kama uwanja uliofagiwa
kuzunguka nyumba isiyotaka wageni.

Nikasema ni uchachu tu; hata ndimu huua.
Nikauvunja uchachu kwa magadi, tone kwa tone,
hadi karatasi ya kipimo ikagoma kubadilika.
Duara likarudi.
Nikatia kimeng'enya kinachokata protini.
Duara likafa.
Basi si siki. Ni kitu kilichoundwa,
uzi mwembamba uliofumwa na viumbe
wasio na mikono, ndani ya kiza cha kibuyu,
ili majirani wabaya wasipate pa kuketi.
Duara kwenye kisahani si dawa kwenye goti,
hilo nililisomea, nalijua.
Hata hivyo nilikaa chini, na glavu zangu, nikalitazama.

Kina wenyewe.

Nyumbani maziwa yalishaharibika mara tatu:
nyuzi za kamasi, uvundo wa mtaro.
Bi Mwanashe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Aliumega mkate wa mofa, akaula mkavu,
akitafuna kwa upande mmoja, upande wenye meno.

Nikarudi maabara mbio. Stima imekatika,
jokofu linatoa jasho. Kichupa kilikuwa pale,
nyuma ya damu za watu,
kijiko kimoja na nusu cha ukoo mzima.
Nikakibeba kwapani, chini ya buibui,
kama mtu aliyeiba, na kweli nilikuwa nimeiba,
nikakata vichochoro bila kuamkia mtu.

Siku mbili kibuyu kilinyamaza.
Ya tatu kikakohoa kidogo kwenye kizibo.

Alimimina kiganjani, akanusa, akafumba macho.
"Siyo," akasema.
Akalamba.
"Si wote. Lakini hawa ni jamaa zao."

Akasukuma kikombe upande wangu.