Bei ya Kutu

Bi Mwanakombo kaileta dukani kwangu, Wete,
imeviringwa kanga kama mtoto wa homa.
Nikavuta wenzo: kacha! Bado una adabu.
Nikamulika mtutu. Mifuo hai,
namba ya chuma na ya kitako zaafikiana.

Ila huu mng'aro?
"Mjukuu. Kaupiga msasa, mgeni akija aipende."

Nikameza mate.
Kutu ya miaka mia, rangi ya karafuu kavu,
imekwenda asubuhi moja
na nusu ya bei.

Pamoja tu msasa haukufika: kitakoni,
kibonde alichokichimba marehemu mumewe kwa shavu.
Nikakohoa, nikaanza kutaja laki.
Akainama, akalaza shavu lake pale.
"Na hapa," akauliza, "umepatia ngapi?"

Nikamrudishia kanga yake.