Dakika Kumi za Daktari Kulkarni

Saa mbili kamili nafungua laini
na Peterborough nzima inanikohoa sikioni.
Mgonjwa haulizwi uji, najua,
ila mimi namwuliza tarehe ya kuzaliwa, namwuliza mtaa,
namwuliza: maumivu yako, kati ya moja na kumi, ni mangapi?
Yupo aliyenijibu: inategemea nani anahesabu.

Kufikia saa tatu viti vimejaa.
Daiva katoka zamu ya usiku kiwandani,
ananuka vitunguu, mimba ya miezi saba,
amelala amekaa, mdomo wazi.
Bi Nusrat ameandika sukari yake kwenye daftari la shule,
kwa Kiurdu, kutoka kulia.
Mzee Wilf Thurlby, mkongojo katikati ya magoti,
anaikazia macho saa ya ukutani kama anaidai.
Saa ile iko nyuma dakika nne. Tumeizoea.

Halafu Agapito Ximenes, mkata kuku,
na binti yake Juvita, miaka kumi na mmoja, sare ya shule,
mkalimani wa ukoo mzima:
benki, kodi ya nyumba, mita ya gesi,
yote yamepita kinywani mwake
kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka.

Barua ya hospitali niliifungua mimi.
Niliisoma mimi.
Kivuli kwenye pafu la kushoto,
na chini yake lile neno.

Daktari Kulkarni akaja mwenyewe mpaka mlangoni.
Si kawaida yake, huita kwa kengele.
"Baba aingie. Mtoto abaki na Maureen."
Juvita akasema: sasa nani atamsemea?
Daktari akasema: leo si wewe.

Leo si wewe.
Miaka kumi na tisa niko dirisha hili,
sijaona dawa iliyoandikwa kwa maneno machache hivyo.

Mkalimani wa simu alikuwa Dungannon, ng'ambo ya maji.
Laini ilikatika mara mbili.
Nilisikia mlangoni muziki wa kusubirishwa,
kisha kimya, kisha Kitetum,
lugha ninayoijua neno moja tu, obrigadu,
na hilo halikutamkwa kwa muda mrefu sana.
Dakika kumi zikaisha. Ishirini zikaisha.
Wilf akagonga sakafu:
"Na sisi wengine je, tumekuja kutazama samaki?"
Tangi lenyewe halina samaki tangu Krismasi.
Nikampa fomu ya malalamiko, ni haki yake.
Nikampa na kalamu.

Juvita alinisaidia kupiga mihuri bahasha.
Akauliza bila kuinua macho:
wewe unajua, sivyo?
Nikasema, sijui.
Muhuri wake ukatua kichwa chini miguu juu.
Tukaendelea na bahasha nyingine.

Dakika arobaini na tatu.
Agapito akatoka na kipande cha karatasi ya kitanda,
ile tunayoichana kila mgonjwa anaposhuka,
kimekunjwa mara nne.
Alichorewa mapafu humo kwa wino wa buluu,
la kushoto lina duara dogo, punje ya mahindi.
Akamshika binti bega. Hakumwambia kitu pale.
Nje mvua. Mwavuli aliubeba yeye.

Mwezi ujao wanakuja wakaguzi.
Watataka wastani wa kusubiri,
asilimia ya simu zilizopokewa,
kila kitu kina kisanduku chake.
Nimeigeuza fomu mbele na nyuma
nikitafuta pa kuandika: mtoto alibaki nje.

Ya Wilf ninayo hapa,
mwandiko wa mtu aliyefunzwa kwa fimbo:
"Nimesubiri saa nzima na dakika kumi. Si ustaarabu.
Daktari aliomba radhi. Kile chuma cha kusikilizia
alikipasha joto kiganjani kwanza, ndipo akaniwekea kifuani.
Naomba lalamiko langu lihifadhiwe."

Nimelihifadhi, Wilf.
Kesho, saa yetu ikisema
saa mbili kasoro dakika nne,
nafungua laini.