Vibarua wa Kiwanjani

Baba alirusha ndege ya mabawa mawili
juu ya pamba ya Fergana,
ukungu mweupe ukimfuata mkiani,
nasi watoto tukaukimbilia midomo wazi, tukicheka.
Harufu ile, kwangu, ilikuwa harufu ya baba karudi.

Kiwanja bado kipo. Lami imepasuka.
Pale walipokuwa wakimimina mapipa
nyasi haioti. Miaka arobaini na mitatu, haioti.
Mbuzi wa Eshmurod hufika ukingoni,
hunusa, hugeuka.
Mbuzi naye ana shahada yake.

Mimi nimerudi na ndoo.
Sikuja na greda, wala malori ya kuhamisha udongo
tukauzike kwa jirani.
Nina samadi, makapi ya mpunga, maji ya mfereji,
na ninyi
msioonekana, niliowachota hapa hapa,
kijiko kimoja chini ya pipa lililooza:
ninyi mlioponea kwa kujifunza kula
kilichowaua wenzenu.
Majira yote ya baridi niliwalea chupani,
maabara haina moto,
nikiwafunika kwa koti langu.

Vibarua wangu, mkataba ndio huu.
Mshahara hakuna; mshahara ni sumu yenyewe.
Ng'oeni klorini moja, mteme chumvi.
Kisha nyingine. Sina haraka.
(Naongopa, ninayo.
Udongo upate uli maji,
na jua la bonde hili halimsubiri mtu.)

Mkuu wa wilaya alikuja kukagua.
"Wafanyakazi wako wapi, Oydin?"
Nikamwonyesha ndoo.
Alicheka hata kofia yake ya pembe nne
ikamdondokea tumboni.

Mwaka wa kwanza kipimo kilishuka, kidogo.
Wa pili hakikushuka kabisa;
nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nikawatukana kwa lugha mbili.
Wa tatu, nusu.
Nusu! Nikaisoma karatasi mara nne,
nikaigeuza, nikaisoma na nyuma, palipo patupu.

Jana nilimleta baba.
Kiti, blanketi magotini, birika la chai ya kijani.
Mikono yake hutetemeka tangu nikiwa chuoni.
Hajawahi kuomba radhi, nami sijamdai:
kwenye mapipa waliandika "dawa",
neno moja tu, la homa na la viwavi,
naye alikuwa kijana, anapenda mawingu.

Nilimweleza habari zenu. Alisikiliza
kama anayesikiliza injini.
Kisha akauliza,
"Na wakiimaliza yote, watakula nini?"
Watakufa, baba. Wengi wao.

Kimya. Upepo ukapita na vumbi lake.
Akainama, bakuli la chai likicheza vidoleni,
akaimimina ukingoni,
polepole,
akitazama inapoingia.