Kosa Juu, Kosa Chini

Pasipoti ya bibi yangu Zuweina yasema
alizaliwa tarehe mosi Januari,
kama nusu ya wazee wa Al-Hamra
waliorudi na masanduku yasiyo na vyeti.
Karani alimtazama mikono, akakisia mwaka,
akagonga muhuri.

Na mimi kazi yangu ndiyo hiyo.
Juu ya dari, kompyuta magotini,
naikisia Kilimia.

Hizi ni rika moja.
Wingu moja la gesi lilizizaa usiku mmoja,
kama usiku ni neno la kutumia huko.
Nyota kubwa ina ulafi: hula akiba yake mbio,
huvimba, huiva nyekundu, hufa.
Basi sihesabu zilizopo.
Natafuta ipi, katika zile kubwa, ingali hai.

"Hilo hata mimi nalijua," asema bibi.
"Alianza Humeid, mtu wa miraba minne.
Akafuata Thani. Kisha Kazija, hakai kitako yule.
Tumebaki sisi vijiti."

Chini yetu, mwenye zamu ya maji
anangoja Kilimia ichomoze juu ya jabali
ndipo azibue mlango wa falaji.
Saa anayo mkononi; haiamini.
Umri wa nyota haumhusu,
mitende yake tu.

Mimi kanuni zangu zinagombana.
Moja yasema miaka milioni mia.
Nikiitia mzunguko (maana nyota hizi huzunguka kama pia)
yasema mia na ishirini na tano.
Nauliza mapigo, basi.
Nyota hupwita: hung'aa, hufifia, hung'aa tena,
mara chungu nzima kabla ya adhana ya alfajiri,
kidogo mno kwa jicho,
na pigo latoka ndani kabisa,
mahali ambapo hakuna mtu atakayechungulia.

"Nipime na mimi."
Ananipa kifundo cha mkono, chepesi kama ganda la iliki.
Sabini na moja kwa dakika.
Halafu pigo moja linakosekana,
hodi bila mlango kufunguliwa,
kisha linarudi na haraka zake.
Kwa hilo sina kanuni.

Naandika daftarini: milioni mia na kumi na mbili,
kosa kumi juu, kosa kumi chini.

Bibi anachungulia.
"Mimi niandikie vivyo hivyo," asema,
"ila hilo kosa la juu
lifanye kubwa."